Timu ikishindwa msimu mzima, kagua damu, sahani na kitanda

ASUBUHI moja ya Jumatatu, mvua ikinyesha kama ilivyo desturi yake hapa Kericho, mwalimu wa michezo wa chuo kimoja cha walimu aliingia katika kliniki yangu mabega yakiwa yamelowa. Hakuwa mgonjwa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na katika karatasi hiyo alikuwa ameandika matokeo ya timu yake ya riadha kwa msimu mzima wa mwaka jana.

"Daktari," akaniambia kabla hata ya kuketi, "niambie ukweli. Hawa watoto ni wavivu, au kuna mtu amewaroga?"

Niliisoma karatasi hiyo. Msimu ulianza vizuri sana. Katika mashindano ya kwanza ya mbio za nyika timu ilishika nafasi ya kwanza, wasichana kwa wavulana. Mashindano ya pili, nafasi ya tatu. Ya nne, nafasi ya sita. Kufikia mashindano ya mwisho, yaliyofanyiwa katika mji wa joto karibu na ziwa, wanariadha wawili walishindwa kumaliza mbio, na msichana aliyetarajiwa kuleta kombe nyumbani hakukimbia kabisa. Basi la chuo lilirudi usiku bila mtu kuimba.

Kwa mtu wa mbali, hilo ni jambo dogo. Lakini katika nchi hii ya majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet, riadha si mchezo tu. Kijana anayekimbia vizuri chuoni hutazamwa na makocha wa polisi, jeshi na magereza. Mbio zake zinaweza kuwa kazi yake, karo ya wadogo zake na paa la nyumba ya mama yake. Msimu ukiharibika, si kombe peke yake linalopotea.

"Mwalimu," nilimjibu, "uchawi siusomei. Niletee wanariadha wenyewe."

Walikuja kumi na wawili, wasichana saba na wavulana watano. Niliwapima na kuwasikiliza mmoja mmoja. Kwa idhini yao nasimulia hapa niliyoyaona, nikiwa nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtu asitambulike. Wewe msomaji uliye Nairobi, Nakuru au Mombasa usidhani hadithi hii haikuhusu. Huenda mwanao yumo katika timu ya shule, au wewe mwenyewe huamka alfajiri kukimbia ili upunguze kitambi. Mwili ni ule ule.

MWILI HUJENGWA WAKATI WA KUPUMZIKA

Swali langu la kwanza kwa mwalimu lilikuwa: baada ya kushindwa mara ya kwanza, mlifanya nini?

"Tuliongeza mazoezi," akajibu kwa haraka, kama mtu anayejitetea. "Tulikuwa tukikimbia mara moja kwa siku, tukaanza kukimbia mara mbili. Tuliposhindwa tena, tukaondoa mapumziko ya Jumapili."

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na ni kosa linalofanywa na makocha wengi wenye nia njema. Watu wengi hudhani kwamba mazoezi ndiyo yanayoujenga mwili. Kwa kweli mazoezi huubomoa mwili kidogo. Nyuzi za misuli hupata michubuko midogo, akiba ya sukari iliyo katika misuli na maini hupungua, na homoni za msukosuko hupanda. Baadaye, mtu anapokula na kulala, mwili hujirekebisha, na kwa kuwa umeonja shida, hujijenga kuwa imara kuliko ulivyokuwa. Nguvu mpya hupatikana wakati huo.

Sasa fikiria fundi anayejenga ukuta wa matofali. Kila jioni kabla saruji haijakauka, mtu anakuja na kuusukuma. Fundi akiongeza bidii, mtu naye anaongeza kusukuma. Ukuta hauwezi kusimama. Ndivyo ilivyokuwa timu hii. Ilishindwa kwa sababu ilichoka, ikaadhibiwa kwa kuchoshwa zaidi, ikashindwa zaidi.

Dalili za mazoezi kupita kiasi ni hizi: miguu huwa mizito hata siku ya mazoezi mepesi, usingizi hukatika ingawa mtu amechoka, hamu ya chakula hupungua, mtu hukasirika upesi au hulia bila sababu, mafua huja mara kwa mara, na muda wa mbio huwa mbaya licha ya bidii. Kipimo rahisi kisichohitaji maabara ni mpigo wa moyo. Kabla ya kutoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Andika kila siku. Mpigo ukipanda kwa zaidi ya kumi juu ya ule wako wa kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, mwili unakuambia kitu. Huenda ni uchovu, huenda ni homa inayonyemelea.

Wanane kati ya wanariadha wale kumi na wawili waliniambia kwamba hulala saa sita au chini ya hapo. Taa za mabweni huzimwa saa nne usiku, lakini simu hazizimwi. Kengele ya mazoezi hulia saa kumi na moja alfajiri. Kijana anayefanya mazoezi makali anahitaji saa nane au tisa za usingizi. Hakuna dawa ninayoweza kuandika katika karatasi yangu ambayo ni bora kuliko hiyo, na haiuzwi.

KILICHOMO KATIKA SAHANI

Nikawauliza wanakula nini. Alfajiri hukimbia kilomita kumi au zaidi tumbo likiwa tupu. Saa moja na nusu hupata kikombe cha chai na vipande viwili vya mkate. Mchana ni githeri, na chai. Saa kumi hurudi uwanjani. Jioni ni ugali na sukuma wiki, na chai tena. Nyama ni mara moja kwa wiki, vipande viwili vitatu.

Chakula hicho si kibaya. Watu wengi wameishi maisha marefu kwa chakula hicho. Lakini kinamtosha mwanafunzi anayeketi darasani. Anayekimbia mara mbili kwa siku kwenye vilima vya majani chai anateketeza nguvu nyingi zaidi, na sahani yake haijaongezwa hata kijiko.

Kwa muda mrefu madaktari waliliangalia tatizo hili kwa wasichana tu. Walitambua mambo matatu yanayofuatana: kula kidogo kuliko inavyohitajika, hedhi kukatika, na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walilipanua wazo hilo. Walieleza kwamba mwili wa mwanariadha yeyote, mwanamke au mwanamume, usipopata chakula cha kutosha kulipia mazoezi, huanza kubana matumizi kama serikali iliyoishiwa. Kwanza hukata yale unayoona si ya lazima leo: uzazi, ujenzi wa mifupa, kinga dhidi ya magonjwa, na hata furaha. Mwanariadha huendelea kukimbia, lakini anakimbia kwa mkopo.

Kati ya wasichana saba, watatu hawakuwa wamepata hedhi kwa zaidi ya miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa mjamzito. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, sisi tulifikiri ni dalili kwamba mazoezi yanafanya kazi." Wazazi na makocha, tafadhali lisikieni hili: hedhi ya msichana ikikatika kwa miezi mitatu, hiyo si dalili ya kuwa fiti. Ni kengele. Anahitaji kumwona daktari, na mara nyingi anahitaji kula zaidi na kukimbia kidogo kwa muda.

CHAI YETU NA MADINI YA CHUMA

Sasa nafika mahali ambapo huenda majirani zangu watanikasirikia, maana hapa chai ndiyo inayotulisha.

Kazi ya damu ni kubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Inayobeba hewa hiyo ni chembechembe nyekundu, ndani yake mkiwa na himoglobini, ambayo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Chuma kikipungua, malori ya kubeba oksijeni hupungua. Mwenye kuketi ofisini huenda asigundue lolote kwa miezi. Mkimbiaji hugundua katika mita 400 za mwisho.

Mkimbiaji hupoteza chuma kwa njia nyingi: kwa jasho, kwa damu kidogo kidogo tumboni wakati wa mbio ndefu, hata kwa chembechembe za damu zinazopasuka nyayo zinapogonga ardhi. Msichana huongeza hedhi juu ya hayo. Basi analazimika kurudisha kwa chakula.

Chuma kilicho katika nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile kilicho katika maharagwe, ndengu, sukuma wiki, sagaa na managu huingia kwa shida. Na hapo ndipo chai inapoingilia. Majani chai yana kemikali zinazokipa kinywaji hicho ule ukakasi wa kupendeza ulimini. Kemikali hizo zikikutana tumboni na chuma cha mboga na nafaka, hukikamata na kukizuia kuingia katika damu. Kikombe kimoja cha chai kikinywewa pamoja na chakula cha aina hiyo kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Kahawa pia ina tabia hiyo.

Je, niwaambie watu wa Kericho na Bomet waache chai? La hasha. Mimi mwenyewe nanywa vikombe vinne kwa siku. Ninachosema ni kwamba chai ina saa yake. Kunywa saa moja au zaidi baada ya chakula, au katikati ya milo. Kwenye chakula chenyewe, weka kitu chenye vitamini C, kwa maana hiyo husaidia chuma kuingia: pera, chungwa, nyanya mbichi, pilipili hoho, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Mapera hapa kwetu huoza chini ya miti wakati wa msimu wake, huku watoto wetu wakitembea na upungufu wa damu.

NAMBA INAYODANGANYA

Nilipowapima damu, nilipata jambo ambalo hata wahudumu wa afya wengine hulisahau. Msichana mmoja, yule nyota, alikuwa na himoglobini ya gramu 12.3. Karatasi ya maabara ilikuwa imeandikwa kwamba kiwango cha kawaida kwa mwanamke huanzia gramu 12. Kwa karatasi hiyo, hana tatizo.

Lakini kiwango hicho kimewekwa kwa watu wanaoishi katika usawa wa bahari. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, na mwili wa mtu mwenye afya hujibu kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kiwango cha chini kipandishwe kwa watu wa nyanda za juu; kwa urefu wetu ni karibu gramu moja au zaidi. Kwa hiyo gramu 12.3 zinazomtosha msichana wa Mombasa ni upungufu wa damu kwa msichana wa Kericho.

Kuna kipimo kingine, cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma iliyofichwa mwilini. Akiba inaweza kuisha kabla himoglobini haijashuka, kama ghala linavyoweza kuwa tupu wakati sufuria bado ina ugali. Kipimo hiki hufanywa katika maabara kubwa zaidi. Kinaweza kudanganya mtu akiwa na malaria au maambukizi mengine, kwa sababu ugonjwa huipandisha feritini. Ndiyo maana matokeo yasomwe na daktari.

Ole wako ukikimbilia duka la dawa kununua vidonge vya chuma kwa sababu umesoma makala haya. Chuma kikizidi ni sumu. Kwa mtoto mdogo anayemeza vidonge vya mama yake akidhani ni peremende, kinaweza kuua. Pima kwanza. Ukiandikiwa, meza kama ulivyoelekezwa, mbali na chai na maziwa, na uvifungie vidonge mahali pa juu.

MGUU ULIOTAKA KUVUNJIKA

Nyota huyo alikuwa na siri nyingine. Kwa wiki tano alikuwa na maumivu kwenye muundi wa mguu wa kulia. Mwanzoni yalikuja akikimbia na kuondoka akipumzika. Baadaye yakaja akitembea. Mwishowe yakamwamsha usiku. Nilipopitisha kidole juu ya mfupa, aliruka kutoka kitandani nilipogusa sehemu moja isiyozidi upana wa sarafu.

Huo ni ufa mdogo katika mfupa, unaotokana na mgongano mdogo unaorudiwa mara maelfu bila mapumziko. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku; hakikatiki mara ya kwanza. Picha ya eksirei inaweza isionyeshe kitu katika wiki mbili tatu za kwanza, kwa hiyo picha safi haimaanishi mfupa ni mzima. Sifa tatu zinamtambulisha: uchungu ulio mahali pamoja pa kuonyeshwa kwa kidole kimoja, uchungu unaozidi kila wiki, na uchungu wa usiku.

Siku tatu kabla ya mashindano ya mwisho, mtu mmoja alimpeleka kwenye duka la dawa na akachomwa sindano ya kuua maumivu. Yakatulia. Akafurahi. Alikuja kwangu kuniomba barua ya kumruhusu kukimbia. Nilikataa. Mwalimu alinipigia simu jioni hiyo na maneno yake hayakuwa matamu. "Daktari, unajua unatunyang'anya kombe?" Nilijua. Lakini sindano haijaunganisha mfupa. Imezima tu kengele wakati nyumba inaungua. Ufa kama huo ukikimbiziwa mashindano unaweza kuwa mvunjiko kamili, na pengine mwisho wa mbio zote. Ufa ukipumzishwa, wengi hupona katika wiki sita hadi nane.

Kuhusu sindano, neno moja zaidi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 dhidi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na shirika la ADAK la kuisimamia. Dawa nyingi za maumivu za kawaida haziko katika orodha ya marufuku. Lakini sindano za jamii ya kotisoni zote zimekatazwa siku za mashindano tangu mwaka 2022, na hata baadhi ya dawa za mafua zina kemikali zisizoruhusiwa. Kijana aliyeshindwa msimu mzima ndiye anayeshawishika kwa urahisi na mtu anayenong'ona kwamba ana "kitu kidogo". Kabla ya kumeza au kuchomwa, uliza jina la dawa, liandike, na umwambie daktari kwamba wewe ni mwanariadha.

MALARIA, MAFUA NA JOTO

Wavulana wawili walikuwa wamepata malaria katikati ya msimu, baada ya kwenda likizo upande wa ziwa. Wakazi wa nyanda za juu tusijidanganye kwamba baridi inatukinga. Katika miaka ya 1990 hospitali za mashamba ya chai hapa Kericho zilikumbwa na milipuko mikubwa ya malaria, na kwa kuwa watu wa huku hawaumwi na mbu wenye vimelea mara kwa mara, kinga yao ni ndogo na ugonjwa huwa mkali. Ukiwa na homa, pima damu. Ukipewa dawa ya mseto ya siku tatu, imeze yote, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wavulana wale walirudi mazoezini siku ya nne. Ilikuwa mapema mno. Malaria hula chembechembe nyekundu, na kuzijenga upya huchukua wiki kadhaa.

Kwa mafua, ninatumia kanuni ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi na kupiga chafya, mazoezi mepesi hayadhuru. Zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi kizito, maumivu ya mwili au homa, pumzika kabisa. Virusi vingine hushambulia msuli wa moyo, na kukimbia ukiwa na homa kunaweza kuhatarisha maisha.

Na wale wawili walioanguka katika mashindano ya mwisho? Walitoka katika ukungu wa Kericho usiku, wakakimbia saa saba mchana katika joto. Mwili uliozoea baridi unahitaji siku saba hadi kumi na nne kuzoea joto, kujifunza kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Asiyeweza kwenda mapema basi aombe mbio za asubuhi, anywe maji kadiri ya kiu yake, apumzike kivulini, na asione aibu kupunguza mwendo akisikia kizunguzungu au baridi ya ghafla juu ya ngozi.

MOYO ULIOVUNJIKA NAO NI MGONJWA

Kuna kitu ambacho sikukipata katika maabara. Nilipomwuliza mvulana mmoja anaendeleaje, aliangalia dirishani muda mrefu. Alikuwa hajampigia babake simu tangu basi lirudi. Babake alikuwa ameuza ng'ombe ili kijana aingie chuoni, na alikuwa amewaambia wanakijiji kwamba mwanawe atachukuliwa na jeshi.

Huzuni baada ya kushindwa ni ya kawaida na hupita. Lakini ikidumu zaidi ya wiki mbili, mtu asipate raha kwa chochote, ajitenge, anywe pombe, au aseme heri angekufa, huo ni ugonjwa unaotibika. Usimwambie ajikaze. Keti naye, umsikilize, umpeleke hospitalini. Mvulana huyu nilimpa simu yangu ampigie babake akiwa pale pale. Mzee aliuliza jambo moja tu: "Umekula?"

MFANO WA NYUMBANI

Kabla hawajaondoka niliwakumbusha jambo. Mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho aliipa Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800, na mwaka 1968 huko Mexico akapata fedha. Alifariki mwaka 2022 akiwa ameona vizazi vikipita katika njia aliyoifungua.

Na yupo Beatrice Chepkoech, wa upande huu wetu. Agosti 2017, katika fainali ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko London, alipitiliza kizingiti cha maji bila kukiruka, akalazimika kurudi nyuma wenzake wakiyoyoma. Alimaliza wa nne. Ulimwengu mzima uliona. Mwaka haukuisha. Tarehe 20 Julai 2018 huko Monaco alikimbia mbio hizo hizo kwa dakika 8 na sekunde 44.32, akaivunja rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nane. Mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia huko Doha. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alimaliza wa saba. Mwaka 2023 huko Budapest akapata fedha ya dunia. Kupanda na kushuka ndiyo njia yenyewe.

MAANDALIZI YA MSIMU UJAO

Mwalimu na mimi tulikaa jioni moja, tukaandika mpango. Naurudia hapa kwa faida ya timu nyingine.

Kwanza, kila siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na siku moja ya wiki iwe ya kupumzika kabisa. Kila wiki ya nne mazoezi yapunguzwe.

Pili, mtu asikimbie alfajiri tumbo likiwa tupu kabisa. Ndizi moja au kikombe cha uji vinatosha. Baada ya mazoezi ale ndani ya saa moja. Jikoni wameahidi kuongeza yai, maharagwe au omena. Mursik ni nzuri kwa mifupa na misuli. Wasiidharau kwa sababu ni ya nyumbani.

Tatu, chai isubiri saa moja baada ya chakula.

Nne, damu ipimwe mwanzoni mwa msimu na katikati, na matokeo yasomwe kwa kuzingatia urefu wa mahali.

Tano, kila mwanariadha awe na daftari: mpigo wa moyo wa asubuhi, saa za usingizi, maumivu, na kwa wasichana tarehe za hedhi. Daftari hilo ni siri yake na daktari.

Sita, simu zikusanywe saa tatu na nusu usiku. Hili ndilo lililopingwa kwa nguvu zote.

Saba, maumivu yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja yasikimbiziwe.

Miezi minne imepita. Siwezi kuwaahidi kombe. Mimi ni daktari, si mpiga ramli. Wasichana wawili kati ya wale watatu wamerudi katika hedhi zao. Himoglobini ya nyota imepanda hadi gramu 13.6, na ufa wake umeunga. Wiki jana nilimwona barabarani kati ya mashamba ya chai, akikimbia polepole peke yake, pole pole kuliko anavyotaka. Alinipungia mkono. Mwalimu alikuwa nyuma yake kwa baiskeli, saa yake ikiwa mfukoni.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali, hata hivyo, si kukunja mikono. Kukubali ni kuuliza kwa nini, na kuanza kuuliza kwa yule asiyejua kusema uongo, nao ni mwili wenyewe.